Okoa, Hifadhi au Lindo? Istilahi za Warushaji wa Mwisho katika Mchezo wa Besiboli

UTANGULIZI

Kazi ya kuunda istilahi yafanana na kazi ya kupanda mti kando ya njia. Anayepanda ni mmoja, lakini watakaopumzika kivulini, au watakaojikwaa mizizini, ni wengi. Istilahi ikichaguliwa vizuri humwongoza mwanafunzi kwenye maana hata kabla hajafafanuliwa. Ikichaguliwa vibaya humpoteza, na kila mwalimu ajaye hulazimika kutumia nusu ya kipindi chake kuling'oa kosa lililopandwa na jina. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi chache za mchezo wa besiboli, hasa zile zinazowahusu warushaji wanaoingia uwanjani baada ya wenzao kuondolewa, pamoja na hesabu wanayoandikiwa wanapoufikisha ushindi wa timu yao mwisho wa mchezo.

Huenda msomaji akauliza: besiboli yatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba mchezo huu umekwisha kubisha hodi Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, Marekani. Hapa Tanzania, tangu miaka ya 2010, wapenzi wa mchezo huu kutoka Japani wamekuwa wakiufundisha katika shule za sekondari, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Mchezo ukishaingia shuleni, maneno yake huingia pia, yawe yameandaliwa au hayakuandaliwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili, pamoja na mambo mengine, maneno ya aina hiyo yasiachwe yakajitafutia njia yenyewe.

Tumeamua kuipima kila istilahi kwa swali moja: mwalimu wa michezo wa Handeni au Korogwe akilitamka neno hili mbele ya wanafunzi ambao hawajapata kuuona mchezo wenyewe, watafahamu nini? Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Tanga tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wake wengi huanza na Kizigua, Kisambaa au Kibondei nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha darasani na kiwanjani. Neno lisilowafaa wao halitawafaa wengi. Pili, kazi za watu wa huko, yaani mkonge na kilimo cha chakula, zina msamiati wa zamu na wa ulinzi ambao, kama tutakavyoona, watufaa sana katika suala hili.

MCHEZO KWA UFUPI

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 9 kila moja. Timu moja hushika gongo, nyingine hulinda uwanja. Mrushaji wa timu inayolinda humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mpigaji akiupiga mpira vizuri hukimbia kupitia vituo vitatu hadi kurudi alikoanzia, nyumbani. Akifika nyumbani salama timu yake hupata mzunguko mmoja, nayo mizunguko ndiyo inayohesabiwa ili kumpata mshindi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana kazi.

Kipindi ambacho timu moja inashika gongo tunapendekeza kiitwe ngwe. Mkulima anajua kwamba ngwe ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu ailime mpaka aimalize, nasi twaona kwamba timu nayo hupimiwa kazi yake vivyo hivyo. Ngwe mbili, moja ya kila timu, hufanya duru moja, na mchezo kamili una duru 9.

Sheria moja ya mchezo huu ndiyo mzizi wa mada yetu. Mchezaji akishatolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine, hawezi kurudi tena katika mchezo huo. Mrushaji aliyeanza akichoka, au wapigaji wakimzoea, kocha humwondoa na kumwingiza mwingine. Huyo wa pili hukuta mambo kama yalivyoachwa: huenda timu inaongoza, huenda wapinzani wawili wamesimama vituoni wakingoja kukimbia nyumbani. Yote hayo hurithiwa na mgeni.

ASILI YA HESABU HII

Kwa miaka mingi kazi ya mrushaji ilipimwa zaidi kwa hesabu mbili: michezo aliyoandikiwa kushinda na michezo aliyoandikiwa kushindwa. Katika kila mchezo mrushaji mmoja tu wa timu iliyoshinda huandikiwa ushindi. Kwa hiyo aliyeingia mwishoni, akawazuia wapinzani wakati wa hatari kubwa, aliondoka bila kuandikiwa chochote.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe wakati wa ukoloni wangeuelewa uchungu huo upesi. Huko mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi iliyoandikwa siku alizomaliza kazi yake, na malipo yalifuata kipande kilichojaa. Siku isiyoandikwa ilikuwa jasho lililopotea. Haki ya mfanyakazi huanza pale kazi yake inapopata mahali pa kuandikwa.

Hesabu ya zamani ilikuwa na kasoro nyingine, nayo ilijitokeza wazi mwaka 1959. Mwaka huo Elroy Face wa timu ya Pittsburgh, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia baada ya wenzake, aliandikiwa kushinda michezo 18 na kushindwa mmoja tu. Watu walistaajabu. Lakini Jerome Holtzman, mwandishi wa habari za michezo wa Chicago, alitazama kwa makini akaona kwamba mara kadhaa Face aliingia timu yake ikiongoza, akaupoteza uongozi huo, kisha wenzake wakapiga vizuri na kuurudisha. Hapo Face alihesabiwa kuwa mshindi, ilhali aliyeingia akaulinda uongozi bila kuupoteza hakuhesabiwa kitu. Aliyeharibu alisifiwa kwa kuwa wenzake walitengeneza, aliyetunza alisahauliwa.

Holtzman akabuni hesabu mpya ya kumtambua mtunzaji. Gazeti la The Sporting News lilianza kuitumia mwaka 1960, na mwaka 1969 ikawa hesabu rasmi ya ligi kuu za Marekani. Masharti yake yalikazwa mwaka 1974, yakarekebishwa tena mwaka 1975, na sasa yako hivi: mrushaji huandikiwa hesabu hii ikiwa ndiye aliyemaliza mchezo ambao timu yake imeshinda, ikiwa si yeye aliyeandikiwa ushindi wenyewe, ikiwa amemtoa angalau mpinzani mmoja, na ikiwa ametimiza moja kati ya mambo matatu. Ama aliingia timu yake ikiongoza kwa mizunguko isiyozidi 3 na akarusha angalau duru moja nzima. Ama aliingia wakati mpinzani awezaye kusawazisha yuko kituoni, au ameshika gongo, au ndiye anayefuata kulishika. Ama alirusha duru 3 au zaidi kwa ufanisi.

Tunaomba msomaji ayakumbuke masharti hayo. Ndiyo mizani tutakayopimia kila jina.

MSIMU WA 1984

Ili tusizungumze hewani, tuuchukue msimu mmoja uliopita tuone hesabu hii ilivyofanya kazi. Katika msimu wa 1984, Bruce Sutter wa St. Louis alikuwa kinara wa Ligi ya Taifa kwa kuulinda ushindi mara 45, akiifikia rekodi iliyowekwa mwaka 1983 na Dan Quisenberry wa Kansas City. Quisenberry mwenyewe alikuwa kinara wa Ligi ya Amerika mwaka huo wa 1984 kwa mara 44. Walifuatiwa, katika Ligi ya Taifa, na Lee Smith wa Chicago aliyepata 33 na Jesse Orosco wa New York aliyepata 31. Na katika Ligi ya Amerika, na Bill Caudill wa Oakland aliyepata 36 na Willie Hernández wa Detroit aliyepata 32.

Tazama sasa jambo la kufundisha. St. Louis na Kansas City zote mbili zilishinda michezo 84 kati ya 162 mwaka huo. Sutter aliulinda ushindi katika 45 ya michezo hiyo, na Quisenberry katika 44. Yaani zaidi ya nusu ya ushindi wa kila timu ulipitia mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakuanzisha mchezo hata mmoja kati ya hiyo. Hata hivyo Kansas City iliongoza kundi lake, ilhali St. Louis ilikuwa ya tatu katika kundi lake. Hesabu hii basi yatuambia nani alitunza; haituambii shamba zima lilikuwa na mavuno kiasi gani.

Hernández alikuwa na mara 32 tu, lakini alipata nafasi 33 za kulinda na akashindwa moja peke yake katika msimu wa kawaida. Alipewa tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Amerika na pia ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote. Timu yake ilishinda michezo 104 ikaenda fainali dhidi ya San Diego.

Mchezo wa mwisho wa fainali hiyo, tarehe 14 Oktoba 1984, watufaa kuliko mifano mingine yote. Hernández aliingia katika duru ya 8 Detroit ikiongoza kwa 5 dhidi ya 3. Hakuwa amekaa sana alipopigwa mpira ulioruka nje ya uwanja, na tofauti ikapungua kuwa 5 kwa 4. Katika ngwe iliyofuata San Diego ilimtegemea Rich Gossage, mrushaji mashuhuri aliyekuwa ameulinda ushindi wa timu yake mara 25 msimu huo. Wapinzani wawili walikuwa vituoni. Kocha wa San Diego alipendelea mpigaji Kirk Gibson apewe kituo cha kwanza bila kushindana naye, lakini Gossage akataka kupambana naye. Gibson akaupiga mpira nje ya uwanja, na Detroit ikapata mizunguko 3 kwa mkupuo mmoja. Hernández alirudi akaumaliza mchezo kwa 8 dhidi ya 4, Detroit ikawa bingwa, naye akaandikiwa hesabu yake ijapokuwa alikuwa amepigwa.

MAJINA YALIYO MBELE YETU

Neno la Kiingereza linalotumika kwa hesabu hii lina maana kadhaa zilizokaa chumba kimoja: kuokoa, kuhifadhi, na kuweka akiba. Kiswahili kimezipa maana hizo vyumba mbalimbali, na hilo ni jambo la heri. Mfasiri hana budi kuchagua mlango.

Mlango wa kwanza ni okoa. Ndio ulio karibu, kwa sababu mtangazaji wa kandanda husema kila siku kwamba mlinda mlango ameokoa. Lakini kuokoa ni kumtoa mtu au kitu katika hatari iliyokwisha kufika: mtoto aliyetumbukia mtoni, nyumba iliyoshika moto, mpira unaokwenda wavuni. Mrushaji anayeingia katika duru ya 9 timu yake ikiongoza kwa mizunguko 3, na vituoni hamna mtu, hamwokoi yeyote. Hakuna anayezama. Kwa masharti tuliyoyataja, mtu huyo ataandikiwa hesabu sawasawa na aliyeingia wakati wapinzani wamejaa vituoni. Mwanafunzi aliyefundishwa neno okoa atauliza, tena kwa haki kabisa: "Ameokoa nini?" Wafaransa wa Kanada walichagua neno lenye maana ya uokoaji, na Wahispania nao wana neno la jamii hiyo. Sisi hatulazimiki kuwafuata.

Mlango wa pili ni komboa. Watoto wa Handeni na Korogwe, kama wenzao wengi nchini, hucheza kombolela: mmoja hufumba macho na kuhesabu, wengine hujificha, na walioonekana hungoja mpaka mmoja aliyebaki awahi kambini na kuwakomboa wote. Neno hili lina utamu, na mtoto analijua. Lakini katika kombolela anayekomboa huwarudishia wenzake kilichokwisha kupotea. Mrushaji wetu hairudishi mali. Kazi yake ni kuizuia isitoke. Akiingia timu ikiwa imeshindwa, hata afanye maajabu, hesabu hii haimhusu. Komboa basi lingefaa tendo jingine kabisa.

Mlango wa tatu ni akiba. Kandanda imetupa istilahi ya mchezaji wa akiba, na wengine wangependa tuseme mrushaji wa akiba. Yakubalika kwa mtu aliyeketi akingoja kuitwa. Walakini akiba ni kitu kinachotumika kikubwa kikipungua, na warushaji tunaowazungumzia hawako hivyo. Sutter, Quisenberry na Hernández walikuwa mafundi waliochaguliwa kwa kazi hiyo mahususi. Hernández aliingia katika michezo 80 mwaka 1984. Mtu anayehitajika katika karibu nusu ya michezo ya mwaka si akiba tena.

Mlango wa nne ni hifadhi. Maana yake iko karibu sana na ile tunayoitafuta. Tatizo ni kwamba neno hili limekwisha kushika kazi nyingine nzito: tuna hifadhi za taifa zenye wanyama, na tuna hifadhi ya jamii. Tukisema "kinara wa hifadhi", msikilizaji wa redio atadhani anatajwa mkuu wa mbuga fulani. Istilahi njema haipaswi kuhitaji mkalimani.

Limebaki jina la yule mrushaji anayeumaliza mchezo. Kiingereza humwita kwa neno lenye maana ya mfungaji. Hapa hatari ni kubwa, kwani katika Kiswahili cha michezo mfungaji ni mtu anayetia bao. Mmalizaji nalo limekwenda njia hiyohiyo. Tukimwita mrushaji huyu mfungaji, tutakuwa tumempa jina la adui yake: kazi yake ni kuzuia watu wasifunge.

PENDEKEZO LETU

Wajapani, ambao ndio walimu wetu katika mchezo huu, wana funzo la kutupa. Mwaka 1894 Chūman Kanae aliupatia mchezo jina la Kijapani, yakyū, lenye maana ya mpira wa uwandani. Mrushaji anayeingia kati ya mwanzo na mwisho huitwa kwa neno lenye maana ya kiungo cha kati, na yule wa mwisho huitwa kwa neno linalotokana na kitenzi cha kukandamiza, kama mtu ashikiliavyo kifuniko kisifunguke. Hawakuuliza neno la Kiingereza lina maana gani. Waliuliza mtu huyu anafanya nini. Hilo ndilo swali letu pia.

Kwa mrushaji anayeingia baada ya mwenzake tunapendekeza mpokea zamu. Katika mashamba na viwanda vya mkonge watu huijua zamu vizuri. Mtambo wa kusindika mkonge, ambao wafanyakazi huuita korona kwa jina lililokuja na mashine yenyewe, haumjali aliyeondoka. Anayeingia huukuta ulivyo, ukiwa safi au umekwama, na kuanzia hapo kazi ni yake. Mpokea zamu katika besiboli naye huwakuta wapinzani vituoni na kuwabeba kama walivyo. Umbo la neno hili ni la kawaida katika michezo yetu: tuna mlinda mlango, tuna mshika kibendera. Tulifikiria pia mpokeaji, lakini mwanafunzi angemdhania mdakaji, ambaye ndiye apokeaye mpira.

Kwa hesabu yenyewe tunapendekeza lindo, wingi wake malindo.

Sababu zetu ni hizi. Lindo ni mahali pa kulindia, na ni ile kazi au zamu ya kulinda. Mkulima wa Handeni anajua kwamba kulima na kupalilia hakutoshi. Mahindi yakikaribia kukomaa huja nyani mchana na nguruwe mwitu usiku, na jasho la miezi mingi laweza kuliwa kwa usiku mmoja. Hapo hujengwa dungu, mtu akapanda juu akalinda. Mkulima wa mpunga naye, kama wale wa Mombo wilayani Korogwe, hulazimika kuamia ndege. Anayekaa lindoni huenda hakulima hata ngwe moja ya shamba lile. Mavuno si yake peke yake, na hasemi kuwa ameyapanda. Lakini asingekuwapo, wote wangekosa.

Tena lindo halidai kwamba kisipotee kitu chochote. Nguruwe akila mashina mawili matatu kabla ya kufukuzwa, lindo halijavunjika maadamu shamba limebaki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hernández katika fainali ya 1984: alipigwa, mzunguko mmoja ukapotea, ushindi ukabaki. Neno okoa lingetutatiza hapo. Neno lindo laeleza kila kitu bila msaada.

Kisarufi pia neno hili latusaidia. Lahesabika bila taabu: lindo moja, malindo 45. Lazaa mengine kwa urahisi: mlinda ushindi kwa yule mrushaji wa mwisho, sambamba na mlinda mlango, nafasi ya lindo, kuvunjiwa lindo. Shina lake limeenea katika lugha za Kibantu, na kwa jirani zetu Waganda kulinda ni kungoja. Maana hiyo nayo yatufaa, kwa kuwa mlinda ushindi hutumia saa nyingi pembeni akingoja kabla ya kufanya kazi ya dakika chache.

Twatambua kwamba kutatokea pingamizi. Yupo atakayesema lindo ni neno la askari na bunduki. Twajibu kwamba mlinda mlango hana bunduki, na hakuna mtoto aliyemwogopa kwa jina lake. Yupo atakayesema kwamba wachezaji wote tisa wa upande ule hulinda uwanja, kwa nini mmoja tu aandikiwe lindo? Pingamizi hili lina uzito zaidi. Jibu letu ni kwamba kijiji kizima huweza kulala karibu na shamba, lakini zamu ya usiku huwa na mtu mmoja atakayeulizwa asubuhi. Lindo ni hesabu ya aliyeulizwa.

ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Mrushaji mwanzilishi: mrushaji anayeanza mchezo kwa upande wa timu yake.

Mpokea zamu: mrushaji yeyote anayeingia baada ya mwanzilishi kuondolewa.

Mlinda ushindi: mpokea zamu ambaye kazi yake maalumu ni kuumaliza mchezo timu ikiwa inaongoza.

Lindo (ma-): hesabu anayoandikiwa mrushaji aliyeufikisha ushindi wa timu mwisho kwa kutimiza masharti tuliyoyataja.

Nafasi ya lindo: hali ya mchezo inayomwezesha mrushaji anayeingia kuandikiwa lindo.

Kuvunjiwa lindo: kuingia katika nafasi ya lindo na kuuacha uongozi upotee. Kwa hesabu hii Hernández alivunjiwa lindo mara 1 katika nafasi 33 za msimu wa kawaida wa 1984.

Wakimbiaji wa urithi: wapinzani ambao mpokea zamu anawakuta vituoni anapoingia.

Kinara wa malindo: mrushaji mwenye malindo mengi kuliko wenzake katika ligi au msimu.

Ngwe: kipindi cha timu moja kushika gongo.

Duru: ngwe mbili, moja ya kila timu.

Jina la mchezo wenyewe tumeliacha besiboli. Mpira wa gongo lingegongana na mpira wa magongo, ambao ni hoki, na katika masikio ya Watanzania wengi gongo ni pombe iliyopigwa marufuku kwa miaka mingi. Mwalimu asiingizwe katika maelezo ya aina hiyo mbele ya wanafunzi.

HITIMISHO

Tangu 1984 rekodi imepanda. Bobby Thigpen alipata malindo 57 mwaka 1990, Francisco Rodríguez akapata 62 mwaka 2008, na Mariano Rivera alistaafu mwaka 2013 akiwa na malindo 652 katika maisha yake ya mchezo. Kazi yenyewe pia imebadilika. Hernández alirusha zaidi ya duru 140 mwaka ule mmoja. Walinda ushindi wa baadaye walizoeshwa kuingia kwa duru moja tu, ile ya mwisho. Istilahi tuliyoichagua yastahimili mabadiliko hayo, kwa sababu lindo huweza kuwa la usiku kucha au la saa moja kabla ya alfajiri.

Tumeeleza kwa kirefu habari ya neno moja dogo la mchezo wa mbali, na huenda wengine wakaona tumetumia shoka kukatia uzi. Lakini jambo lililo nyuma ya neno hili si dogo. Mtoto wa Kabuku au wa Magoma anayo haki ya kubishana juu ya mchezo anaoucheza kwa lugha anayoimudu, akasema mwenzake amestahili au hakustahili, akatoa na sababu. Ubishi wa namna hiyo ndio mwanzo wa kufikiri kwa mpango. Akiazimwa neno asilolifahamu atalikariri tu. Akipewa neno lenye mizizi kwao atalitumia kupima.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wa michezo, watangazaji na wasomaji wetu wazijaribu kiwanjani, maana huko ndiko neno linakopimwa nguvu zake. Litakaloonekana kuwa zito mdomoni lisemwe, na mwenye jema zaidi alilete, ili lijadiliwe kabla mazoea hayajatutangulia.